Brokedi kuanzia mgongoni: mwongozo kamili wa kuitambua, kuifuma, kuishona na kuitunza ukiwa Dodoma

Ukionyeshwa brokedi dukani, kabla hujaulizia bei, igeuze. Wauzaji huning'iniza upande wa mbele kwa sababu ndiko kunakong'aa, lakini habari zote za kitambaa hiki ziko mgongoni: kitachambuka kiasi gani ukikikata, kitanasa pete au la, kinahitaji bitana ya namna gani, kitafulika au kitaishia kufutwafutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Nililijua hili kwa hasara. Miaka yangu ya mwanzo ya ushonaji hapa Chang'ombe, mama mmoja aliniletea brokedi ya rangi ya damu ya mzee, nguo ya kuvaa siku ya sendofu ya binti yake. Niliikata kama ninavyokata kitenge: nikaikunja mara mbili, nikaacha sentimita moja ya mshono, kisha nikavishikashika vipande kutwa nzima nikipima na kupima tena. Jioni kingo zote zilikuwa zimechambuka, na nilipoviunga gauni likawa dogo. Nilinunua kitambaa kingine kwa fedha yangu. Tangu hapo nimeshona brokedi nyingi, na nimefika hata kuifuma kipande kwa mkono ili nielewe kinachotokea ndani yake. Ndiyo njia nitakayokupitisha humu: tuijue, tuifume kidogo, ndipo tuinunue na kuitia mkasi.

Brokedi ni nini hasa

Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za aina mbili. Mtande ni zile zinazotandwa kwa urefu wa jora zikakazwa kabla kazi haijaanza. Mshindio ni ule uzi unaopitishwa kwa upana, ukienda na kurudi, juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya mwingine. Kitenge na kanga ni hivyo tu: mtande na mshindio, kisha maua yakachapwa kwa rangi juu ya kitambaa kilichokwisha kukamilika.

Brokedi haichapwi. Ua lake linafumwa humohumo, kwa uzi wa tatu unaoitwa mshindio wa ziada. Fikiria msusi anayekusuka kwa rasta. Nywele zako zipo, zimesukwa, zinajitosheleza. Rasta imeongezwa ndani ya msuko kuleta urefu na rangi. Ukiichomoa rasta, nywele zinabaki. Vivyo hivyo ukiuchomoa uzi wa ua kwenye brokedi, kitambaa cha chini kinabaki kizima, ila kimekuwa cha kawaida.

Panapotakiwa ua, uzi wa ziada hupanda mbele ukaonekana. Pasipotakiwa, hushuka mgongoni ukapita bila kushikwa mpaka ua linalofuata. Vipande hivyo vya uzi visivyoshikwa nitaviita nyuzi zinazoelea. Kumbuka jina hilo, maana karibu kila tabu ya brokedi inatoka kwao.

Madukani majina huchanganywa. Utaambiwa brokedi, utaambiwa jakadi, utaambiwa damaski, na pengine ni jora lilelile. Damaski haina uzi wa ziada: ua linatokea kwa kubadilisha namna mtande na mshindio zinavyopishana, sehemu moja ikirudisha mwanga na nyingine ikiwa butu, na ukigeuza unaliona ua lilelile kinyume chake. Bazin wanayoipenda watu wa Mali ni damaski ya pamba. Mafundi wa Bamako huitia rangi, wakaitia ugumu, kisha wakaitwanga kwa magogo ya mbao mpaka ing'ae kama imepakwa mafuta. Jakadi, kwa asili, wala si kitambaa. Ni mtambo.

Na mtambo huo unastahili maneno machache. Zamani, kufuma brokedi kulihitaji watu wawili: mfumaji mwenyewe, na msaidizi aliyevuta kamba za kunyanyua nyuzi za mtande zilizotakiwa, safu kwa safu. Nanjing, China, kazi hiyo bado inafanywa kwa mikono, mmoja amekaa juu ya mtambo mkubwa wa mbao na mwingine chini, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 1804 Joseph-Marie Jacquard wa Lyon, Ufaransa, alikamilisha mtambo uliochukua kazi ya yule msaidizi. Alitumia kadi ngumu zenye matundu: kila kadi ni safu moja ya mshindio, penye tundu uzi unanyanyuka, pasipo tundu unabaki. Mwaka 1839 ilifumwa picha yake mwenyewe kwa hariri, nayo ilihitaji kadi 24,000. Leo kadi zimeondoka na kompyuta ndiyo inayoamuru, lakini uamuzi ni uleule: huu panda, huu baki.

Neno letu la zari ndilo la uzi wa dhahabu au fedha. Zari ya kale ilikuwa utepe mwembamba sana wa fedha, mara nyingi umepakwa dhahabu, uliozungushwa juu ya uzi wa hariri. Zari iliyo kwenye brokedi nyingi za leo ni utepe wa plastiki uliopakwa madini kuleta mng'ao. Haibadiliki rangi haraka, ila moto wa pasi huikunja mara moja.

Wapo wanaodhani vitambaa vya thamani ni mambo ya pwani. Karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, upande wa Tabora, ilipita Ugogo, na watemi wa huku walidai hongo, yaani ushuru wa njia, kabla ya kuiruhusu kupita na kuchota maji. Hongo ile ililipwa kwa vitambaa: merikani, kaniki na vingine vya rangi. Kitambaa kilikuwa fedha, na waliokipokea walijua kukikagua.

Fuma kipande kimoja kwa mkono

Sehemu hii unaweza kuiruka ukaenda kwenye manunuzi. Nakusihi usiiruke. Ukifuma sentimita kumi tu za brokedi utaielewa kuliko kusimuliwa mwaka mzima, na vifaa vyote vinapatikana mjini.

Mwombe seremala mabaki ya mbao akupigilie fremu yenye uwazi wa sentimita 50 kwa urefu na 20 kwa upana. Tafuta misumari 41 ya inchi moja, uzi wa pamba wa kufumia vitambaa vya meza, rangi ya maziwa, uzi wa kung'aa wa rangi nyingine, mnene kama mara mbili ya ule wa kwanza, rula ya mbao ya shule, kijiti cha mviringo chenye urefu wa rula, sindano butu ya kuungia sweta, chanuo, na daftari la hesabu lenye miraba.

Pigilia misumari 20 kwenye mbao ya juu, ikiachana milimita 5. Mbao ya chini pigilia 21 kwa nafasi hiyohiyo, ila anza nusu nafasi kushoto zaidi, ili kila msumari wa juu uangukie katikati ya miwili ya chini.

Sasa tanda. Funga uzi wa pamba kwenye msumari wa kwanza wa chini, upandishe, uzungushe msumari wa kwanza wa juu, ushushe mpaka msumari wa pili wa chini, upandishe tena kwenye wa pili wa juu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Utapata nyuzi 40 za mtande katika upana wa sentimita 10. Uzi unaokwenda humo ni mita 20 na ushee, kwa hiyo usianze na kibonge kilichokaribia kwisha. Kaza sawasawa kote. Ukikwaruza kwa kucha, mtande utoe mlio kama zeze lililotiwa sauti. Penye mlio mzito pamelegea, rudi ukakaze.

Hatua inayofuata ni kutengeneza njia mbili. Pitisha rula kati ya mtande, juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, mpaka upande wa pili, kisha isukume juu karibu na misumari. Ukiisimamisha kwa ubavu wake, nyuzi 20 zinanyanyuka na njia ya kwanza inafunguka. Kwa njia ya pili, chukua zile nyuzi 20 zilizobaki chini na ufunge kila moja kwa kitanzi cha uzi, vitanzi vyote vishikwe na kile kijiti cha mviringo. Laza rula, nyanyua kijiti: njia ya pili hiyo. Kufunga vitanzi kunachosha vidole, lakini ukishamaliza, kazi inakimbia.

Fuma sentimita 3 za kawaida kwanza. Fungua njia ya kwanza, pitisha mshindio, funga, kandamiza kwa chanuo. Fungua ya pili, rudisha, kandamiza. Kosa la kila mgeni ni kuvuta mshindio ukanyooka kama kamba ya kuanikia. Kitambaa kitabana kiuno katikati. Ulaze ukiwa umepinda kama upinde, halafu chanuo ndilo liushushe. Urefu wa ziada utaingia kwenye mawimbi ya juu na chini.

Sasa ua. Kwenye daftari chora msitari wa miraba 40, kila mraba ni uzi mmoja wa mtande. Tutafuma almasi nne ndogo kwa mpigo, kila moja ikiwa na safu tano. Tumia sindano butu na uzi wa kung'aa, rula ikiwa imelazwa.

Safu ya kwanza: pita chini ya nyuzi 6, juu ya 1, chini ya 8, juu ya 1, chini ya 8, juu ya 1, chini ya 8, juu ya 1, malizia chini ya 6.

Safu ya pili: chini ya 5, juu ya 3, chini ya 6, juu ya 3, chini ya 6, juu ya 3, chini ya 6, juu ya 3, malizia chini ya 5.

Safu ya tatu: chini ya 4, juu ya 5, chini ya 4, na kuendelea hivyo mpaka umalize chini ya 4.

Ya nne ni kama ya pili, ya tano ni kama ya kwanza.

Baada ya kila safu ya ua, pitisha mshindio mmoja wa pamba kwenye njia ya kawaida, safari moja njia ya kwanza, safari inayofuata njia ya pili, usikosee zamu. Huo wa pamba ndio unaoshika kitambaa. Uzi wa ua haushiki kitu, unapita tu kama mgeni. Almasi ikitoka bapa mno, rudia kila safu ya ua mara mbili.

Fuma sentimita 2 za kawaida juu ya almasi hizo, kisha geuza fremu.

Utaona nyuzi zinazoelea, ndefu zaidi zikiwa zimeruka mtande 8, yaani sentimita 2 nzima. Vaa pete upitishe mkono: inanasa. Hicho ndicho kinachotokea ndani ya gauni lisilo na bitana. Sasa fuma almasi nne nyingine, lakini safari hii kila almasi ipe kipande chake cha uzi, kiende na kurudi ndani ya almasi yake bila kuvuka kwenda kwa jirani. Mgongo utatoka safi. Mafundi wa Varanasi kule India huita namna hii kadhwa, na kwa sababu kila ua linafumwa peke yake, huchukua muda mrefu na bei yake hupanda. Namna ya tatu, ya viwandani, ni kuziacha nyuzi zielee kisha kuzikata kwa mgongoni. Nyepesi, ila vichwa vya nyuzi vilivyokatwa vinaweza kuchomoka kidogo kidogo kwa kuvaliwa na kufuliwa.

Ukishakishusha kipande, fanya majaribio mawili. Chomoa uzi mmoja wa ua uone kitambaa kikibaki. Kisha kata katikati ya almasi kwa mkasi, ushike ukingo uliokatwa na kuuvuta kidogo kwa kucha. Nyuzi za ua zitakutoka kama majani ya chai. Mimi ningelifanya hili kabla ya ile nguo ya damu ya mzee, nisingelia.

Kununua

Vitambaa vya brokedi utavipata kwenye maduka ya katikati ya mji na pembezoni mwa soko la Majengo. Wengine huteremka Kariakoo kwa sababu machaguo ni mengi, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo imekuwa jambo la kawaida. Popote uendapo, nenda mchana na ukitoe kitambaa mlangoni. Taa za dukani huifanya zari ya manjano ionekane dhahabu ya kweli na rangi ya zambarau ionekane bluu.

Geuza. Pima kwa macho nyuzi zinazoelea. Zikiwa fupi kuliko nusu sentimita, nguo itavumilia kukaa, kucheza na kubeba mtoto. Zikizidi sentimita moja, nunua kwa ajili ya pazia, mto wa kochi au koti lenye bitana kamili, usinunue kwa gauni la kubana. Kisha shika ukingo na usugue kwa kidole gumba mara kumi. Zikitoka nyuzi mbili tatu ni kawaida. Kikitoka kishungi, rudisha jorani.

Angalia kama maua yamekaa sawa na ukingo. Kitambaa kilichokunjwa vibaya kwenye jora huweza kuwa kimepinda, msitari wa maua ukapanda upande mmoja. Kupinda huko hakunyooshwi kwa pasi ikiwa kitambaa ni cha poliesta.

Kujua ni nyuzi gani, omba kipande cha ukingo ukachome nyumbani juu ya sahani ya bati, si dukani. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Hariri hunuka nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka, ikapoa kuwa punje ngumu nyeusi. Nyingi utakazokutana nazo ni poliesta, na hilo si aibu. Ni la kujua tu ili upange bitana na pasi.

Kiasi cha kununua ndipo wengi wanapokosea. Maua ya brokedi hujirudia kila baada ya urefu fulani; pima kutoka ncha ya ua moja mpaka ncha ileile ya ua linalofuata kama hilo, hilo ndilo rudio. Tuseme rudio ni sentimita 32 na kitambaa kina upana wa sentimita 150. Gauni la mtu wa nyonga 104, mshono wa kawaida, linahitaji sehemu ya juu 48, sketi 82, mikono mifupi 30, vyote pamoja na nafasi ya mshono: jumla sentimita 160. Lakini ili maua yakutane, kila kipande kianze mwanzo wa rudio. Kwa hiyo 48 inakuwa 64, 82 inakuwa 96, 30 inakuwa 32. Jumla 192. Nunua mita 2 na robo, maana ncha ya jora hukatwa ovyo. Kwa sare ya kamati ya harusi ya watu ishirini, sentimita 32 hizo kwa kila mtu ni zaidi ya mita sita. Bora kamati ilijue hilo mapema kuliko kugombana na fundi.

Kukata

Shona kwanza gauni la majaribio kwa kitambaa rahisi cha pamba, ulivae, urekebishe. Brokedi haipendi kufumuliwa: matundu ya sindano hubaki, hasa kitambaa cha chini kikiwa cha satini, na uzi wa ua ukishakatwa na kifumulio haurudi. Marekebisho yote yaishie kwenye lile la majaribio.

Tandaza brokedi tabaka moja bila kukunja, mbele ikitazama juu ili uone maua. Ukikunja, ua la chini litateleza na hutajua. Kipande cha nusu kichore kizima kwenye karatasi. Vipande vya jozi, kama mikono, geuza karatasi upande wa pili usije ukakata mikono miwili ya kulia. Vipande vyote vichwa vyao vielekee upande mmoja wa jora, maana mng'ao hubadilika ukigeuza, na tumbo la gauni likawa na rangi tofauti na mgongo.

Panga ua kubwa kwa makusudi. Katikati ya kifua, chini kidogo ya shingo, ni mahali pazuri. Maua mawili makubwa yakikaa moja kwa moja juu ya matiti, mvaaji hatakuwa na raha siku nzima. Nikimwona mteja amechagua ua kubwa, humshauri mshono wenye vipande vichache. Kila mkato unavunja ua, na fedha imelipiwa ua.

Acha sentimita 2.5 za mshono kila upande. Chaki haionekani vizuri mgongoni penye nyuzi zinazoelea, kwa hiyo alama za kiuno na mikunjo ziweke kwa kupiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya mkono, kwa uzi wa rangi tofauti. Ukishakata kipande, kipige ovaloki (cherehani ya kufunga kingo) palepale kabla hujakata kinachofuata. Huna ovaloki? Zungushia kingo utepe wa pamba uliokatwa mshazari, au pita zigizaga ya karibukaribu. Usiviache vipande vilale uchi, hasa kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wa Dodoma unapoingia kila dirisha.

Kushona

Weka sindano mpya namba 14, au 12 kwa brokedi nyepesi. Sindano iliyotumika ikiwa na ncha butu huvuta uzi wa ua na kuacha msitari kama mkwaruzo. Tumia uzi wa poliesta, hatua ya mshono milimita 3, na ujaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Badala ya pini katikati ya kitambaa, piga bandi, au tumia vibanio kwenye kingo.

Maua yanapokutana kwenye mshono wa ubavuni, piga kwa mkono bandi tatu nne kwanza, ndipo upite na cherehani. Cherehani husukuma tabaka la juu, na bila bandi hizo maua yatapishana nusu sentimita ifikapo chini.

Pasi ipite mgongoni tu, moto wa chini, juu ya kipande cha kanga kuukuu. Ikiwa ni pasi ya mkaa, isubiri ipoe na uijaribu kwenye kipande. Fungua mshono kwa kidole, kandamiza, nyanyua, usiburute. Kuburuta kunazilaza nyuzi na ua linakuwa na kivuli.

Bitana si anasa kwenye brokedi. Inazuia pete, vikuku na kucha zisinase nyuzi zinazoelea, na inaondoa mwasho wa zari kwenye ngozi. Kwa joto la Dodoma la Oktoba na Novemba natumia bitana ya pamba nyembamba. Bitana ya poliesta chini ya brokedi ya poliesta ni kumfunga mtu kwenye mfuko. Ikate pana kidogo kuliko gauni, na uiache huru chini ya kiuno ili isivute.

Pindo usilikunje mara mbili, litakuwa nene kama mkanda. Kunja mara moja, ukingo ukiwa umekwisha pigwa ovaloki, kisha lishike kwa mkono, sindano ikinasa nyuzi za mgongoni pekee. Zipu ya kufichwa ndiyo inayofaa. Bandika kwanza ukanda mwembamba wa kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi mahali itakapokaa, isije ikang'oka siku ya kwanza.

Matumizi mengine

Nje ya magauni, hapa mjini brokedi na damaski huvaliwa altareni: kasula na stola za mapadre, kijani kwa siku za kawaida, zambarau kwa Kwaresima na Majilio, nyeupe kwa Pasaka na Krismasi, nyekundu kwa Pentekoste na mashahidi. Ukipewa kazi hiyo, mabega ndiyo yanayobeba uzito wote, kwa hiyo yatie kitambaa kigumu cha ndani, na utepe wa zari ushonwe kwa mkono. Majoho ya kwaya hayahitaji brokedi nzima. Kola na ukanda wa mbele vinatosha na gharama inashuka sana.

Mapazia ya brokedi lazima yawe na bitana nene upande wa dirisha. Jua la huku halina huruma na huanza kufifisha hariri na rangi. Kwa makochi chagua yenye nyuzi fupi kabisa, maana watoto na vifungo vya suruali havitaacha ndefu zikae.

Kutunza

Adui wa kwanza wa brokedi Dodoma ni vumbi. Linajipenyeza chini ya nyuzi zinazoelea na kuzisaga taratibu. Ukirudi shereheni, geuza nguo ndani nje, ikung'ute nje ya nyumba, iache kivulini penye hewa saa chache. Brashi laini ya nguo ipite kufuata ua, isilipinge.

Usiifue kila ukiivaa. Doa lifute kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, ukitoka nje ya doa kuelekea katikati. Ikibidi kufua, na mabaki uliyoyajaribu hayakutoa rangi wala kusinyaa, tumia maji baridi na sabuni ya maji kidogo, kwa kukandamiza tu. Maji mengi ya visima vyetu yana chumvi, na chumvi ikikaukia kwenye zari inaacha utando mweupe. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua uliyoyakinga au maji ya chupa. Usikamue. Izungushe ndani ya taulo, kisha ilaze bapa kivulini. Ukiitundika ikiwa imelowa, uzito wake utavuta mabega. Hariri ya kweli yenye zari ya fedha ipeleke kwa dobi wa kufua bila maji.

Msimu wa kiangazi hewa ni kavu na poliesta hujaa umeme, nguo ikakung'ang'ania miguuni na kukurusha ukigusa kitasa. Vaa sketi ya ndani ya pamba, paka mafuta miguuni, na kabla ya kuvaa pitisha viganja vyenye unyevu kidogo juu ya bitana. Manukato jipulizie kabla ya kuvaa, yakauke kwanza. Yakigusa zari ya fedha huisababishia weusi.

Uzi ukinasa ukatoka mbele kama kitanzi, usiukate kamwe. Chukua sindano butu, ileile uliyofumia, ichomeke kutoka mgongoni karibu na kitanzi, kivute nyuma polepole, kisha nyoosha uzi huo pande zote mbili kwa kucha mpaka ulegevu ugawanyike. Kikibaki kitanzi kirefu mgongoni, kishike kwa mshono mmoja mdogo kwenye bitana.

Kwa kuhifadhi, izungushe kwenye bomba la karatasi ngumu, mbele ikitazama nje, kisha uifunike kwa shuka la pamba. Mikunjo ya kabati huvunja nyuzi za zari palepale ilipokunjwa, na mfuko wa plastiki hufungia unyevu wakati wa mvua za Desemba mpaka Aprili. Ikiwa ni hariri, weka kijifuko cha karafuu kando yake, kisiguse kitambaa, na uifungue kila baada ya miezi mitatu kuangalia nondo, ukianzia mgongoni.